Kupe anakula mara tatu tu

"Anko, huyu kashakula mara ngapi toka azaliwe?"

Mpwa wangu alikuwa ananimulikia kwa tochi ya simu, mi nimeinamia sikio la mbwa na kibanio mkononi, nimemshika kupe karibu kabisa na ngozi ili asikatike kichwa kikabaki ndani. Alikuwa jike, kijivu, kashiba mpaka anang'aa. Nikamjibu huku namvuta taratibu, huyu yuko kwenye mlo wa tatu na wa mwisho, akidondoka hapa anataga mayai yake yote kwa mkupuo mmoja afu anakufa.

Dogo akanyamaza kidogo.

"Sasa kama anakula mara tatu tu maisha yake yote, ugonjwa anaupata saa ngapi na anaupeleka saa ngapi?"

Wiki zote hizi swali hilo halijanitoka. Maana kila habari ya kupe na mabadiliko ya tabianchi ninayokutana nayo mtandaoni inaimba wimbo uleule: dunia inapata joto, kupe wanaongezeka, virusi vinasambaa. Inameza haraka mno ile. Imeruka kila kitu kilichoko katikati, na hapo katikati ndo dogo alipochomeka kidole chake.

## Milo mitatu

Nimchukue kupe wa Ulaya, Ixodes ricinus, kwa sababu ndo amefuatiliwa miaka mingi. Anaanguliwa akiwa lava wa miguu sita, anapanda juu ya mnyama mdogo, mara nyingi panya, anakula siku chache, anadondoka. Anajibadilisha anakuwa tunutu wa miguu minane, bado mdogo sana. Mlo wa pili, anadondoka tena. Anakuwa mkubwa, anatafuta mnyama mkubwa, kulungu kwa mfano, anakula mlo wa tatu. Safari nzima hiyo inaweza kula miaka miwili, mitatu, hata zaidi, na karibu muda wote huo hayuko kwa mnyama yeyote, yuko chini kwenye majani yaliyooza, anasubiri.

Sasa tia virusi humo ndani.

Nitazungumzia virusi vya TBE, vile vinavyoleta uvimbe wa ubongo, ambavyo msafara wa Lev Zilber ulivigundua Mashariki ya Mbali ya Usovieti mwaka 1937. Lava karibu wote wanazaliwa safi, maana ni mara chache sana kwa mama kuvipitisha kwenye mayai. Kwa hiyo lava lazima avipate kwenye mlo wa kwanza, afu avitoe akiwa tunutu kwenye mlo wa pili. Lakini panya aliyeambukizwa anakuwa na virusi vya kutosha kwenye damu kwa siku chache tu, akishapona ana kinga. Ukipiga hesabu hiyo kwa uaminifu, hivi virusi vilitakiwa viwe vimeshatoweka zamani.

Havijatoweka.

Mlango wa jibu ulifunguliwa 1987. Watafiti wa Uingereza walikuwa wanafanyia kazi virusi vya Thogoto (ndiyo, hivyo vilipatikana kwanza kwa kupe wa Kenya, jina limetoka huko), wakaweka kupe wenye virusi na kupe safi juu ya simbilisi wale wale. Damu ya wanyama hao haikuwa na virusi vya kusema unaweza kuvipima, na bado wale kupe safi wakashuka wameambukizwa. Baadaye Milan Labuda na wenzake wakaonyesha kwamba TBE nayo inafanya hivyo hivyo, tena hata kwa panya ambaye tayari ana kinga, virusi vinapita kwenye ngozi kupitia seli zilezile zinazokuja kupambana navyo, na mate ya kupe yanasaidia kuvilainishia njia.

Kwa hiyo kitu kinachoviweka hai ni lava na tunutu kung'ang'ania sikio moja la panya wakati mmoja.

Nikamtumia dogo meseji: wanaambukizana wakila pamoja. Akajibu kwa emoji ya kutapika.

## Ramani iliyopungua

Hapa ndo mambo yakaanza kunichanganya, maana ukikubali kwamba siri ni kula pamoja, joto linageuka kuwa suala la ratiba.

Tunutu wa Ixodes ricinus anaanza kupanda majani kuwinda joto likifika kama nyuzi 7 hivi, lava anataka zaidi kidogo, karibu nyuzi 10. Tofauti ndogo. Lakini fikiria sehemu ambayo baridi inaondoka polepole: tunutu wanaamka, wanakula, wanamaliza, lava ndo kwanza wanajinyoosha. Hawakutani. Afu fikiria sehemu yenye baridi kali halafu ghafla tu joto linapanda kwa kasi, nyuzi 7 leo na 10 muda mfupi mbele, wote wanatoka kwa pamoja na wanarundikana kwa panya wale wale. Hapo virusi vina maisha. Na ndo maana msitu unaweza kujaa kupe mpaka unaogopa na usiwe na TBE hata chembe, wakati kipande kingine cha msitu cha jirani kina virusi miaka nenda rudi.

Sarah Randolph wa Oxford na David Rogers walichukua wazo hilo wakalipeleka mbele. Mwaka 2000 wakachapisha ramani za TBE Ulaya chini ya hali ya hewa inayotarajiwa. Na ramani zilikuwa zinapungua. Ugonjwa unasukumwa kaskazini na juu milimani, unaachia sehemu nyingi za katikati ya Ulaya, mpaka kufikia miaka ya 2080 umebaki kwenye kasehemu tu ka Skandinavia. Sababu yao: joto la kiangazi na ukavu pamoja na misimu kubadilika vitavunja ule mkutano wa lava na tunutu.

Nilikaa na hiyo ramani muda mrefu.

Si kwamba niliiamini yote. Ni kwamba ilikuwa na adabu ya kuuliza "kwa njia gani?", kitu ambacho zile habari za kunakiliana haziulizi. Kila ongezeko la joto lina kinachofungua na kinachofunga, na hujui kipi kitashinda mpaka ujue mdudu mwenyewe anaishije. (Najua, kupe si mdudu, ni ndugu wa buibui, msije kunipigia kelele kwenye komenti.)

## Ila mlimani wanapanda

Ubaya wa ramani nzuri ni kwamba miaka inakuja kuikagua.

Kwenye milima ya Krkonoše kule Ucheki, Milan Daniel na wenzake walikuwa na rekodi za miaka ya nyuma kabisa zinazoonyesha kwamba kupe wanakwamia mita kama 700, juu ya hapo baridi haiwaruhusu kumaliza mzunguko wa maisha. Walivyorudi kupima miaka ya 2000 wakawakuta zaidi ya mita 1,100, na virusi vimo. Mlima ni uleule, kilichobadilika ni urefu wa msimu ambao kupe anaweza kula na kujibadilisha kabla baridi haijamfungia.

Uswidi, Elisabet Lindgren alionyesha kwamba kupe wamesogea kaskazini toka miaka ya 1980, na kilichoendana na kusogea huko ni majira ya baridi kulainika, zile siku za baridi ya kuua kupungua, na msimu wa kuota majani kurefuka. Nchi hiyo ilivuka wagonjwa 500 wa TBE mwaka 2021. Mkoa wa Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi ya Ulaya, watafiti wa huko waliripoti wagonjwa kuongezeka kama mara 50 kati ya miaka ya 1980 na miaka ya 2000, sehemu ambayo zamani kupe alikuwa hadithi.

Kwa hiyo upande wa "kusukumwa kaskazini na juu" ramani ilipatia. Upande wa "kuachia katikati" bado sana: Ujerumani ilikuwa na rekodi ya wagonjwa zaidi ya 700 mwaka 2020. Na mbaya zaidi kwa ile hoja, virusi vikagundulika Uholanzi mwaka 2016, afu Uingereza kwenye msitu wa Thetford mwaka 2019. Hizo ni nchi za baridi ya upole na joto linalopanda kivivu, kabisa zile ambazo lava na tunutu hawakutakiwa kukutana.

Naona kanuni ya kula pamoja iko sawa na bado kuna njia nyingine za virusi kujishikiza ambazo ramani haikuzibeba. Kulungu wameongezeka sehemu nyingi za Ulaya, nao wanawalisha kupe wakubwa kwa maelfu. Miti ya mialoni na ile inayoitwa beech ikizaa mbegu nyingi mwaka mmoja, mwaka unaofuata panya wanajaa, na wa baada ya hapo tunutu wanajaa. Yaani unaweza ukalaumu joto la mwaka huu kwa kitu ambacho kilipangwa na mbegu za mwaka juzi.

## 1993

Sasa hii ndo sehemu iliyonigeuza kichwa.

Estonia, Latvia, Lithuania, zile nchi tatu za Baltiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wagonjwa wa TBE waliruka kwa ghafla, na 1993 mruko ukawa wazi kabisa. Joto lilikuwa limepanda kidogo, ni kweli, toka mwishoni mwa miaka ya 1980. Ila lilipanda karibu sawa nchi zote tatu na wilaya zake, wakati ugonjwa uliruka sehemu moja mara mbili, nyingine mara nyingi zaidi ya hapo, na kwa miaka tofauti. Hali ya hewa haichagui wilaya hivyo.

Randolph tena, safari hii na Dana Šumilo, wakaenda kuangalia watu.

Usovieti ulikuwa umeanguka. Mashamba makubwa ya pamoja yamekufa, watu wamepoteza kazi, na waliopoteza kazi waliingia msituni kuokota uyoga na matunda ya porini, kula na kuuza. Mashamba yaliyoachwa yakaota vichaka, vichaka vikaleta panya na kulungu. Dawa za kuua wadudu zilizokuwa zinamwagwa zikaisha. Kupe hakuhitaji kuongezeka sana, binadamu ndo alimfuata.

Na si mara moja. Mwaka 2006 nchi kadhaa za Ulaya zilipata mruko mwingine wa wagonjwa, walipoangalia hesabu za kupe hazikuendana na mruko huo, kilichoendana ni hali ya hewa nzuri iliyowatoa watu nje na uyoga uliozaa vizuri. Ukiirudia na ile rekodi ya Ujerumani 2020, mwaka ambao watu walifungiwa kila kitu wakabaki na matembezi ya msituni, inakuwa ngumu kusema ongezeko lote ni la kupe.

Kwa hiyo joto linaingia kwa milango miwili. Linamwamsha kupe na linamvalisha binadamu kaptula.

Samahani, lakini hiyo kaptula nimeona nadra kuwekwa kwenye grafu.

## Anayekimbia

Mpaka hapo nimezungumza kama vile kupe wote ni wale wa kusubiri kwenye majani. Hyalomma ni habari nyingine kabisa.

Hyalomma marginatum ana macho, ana miguu mirefu yenye pete nyeupe, na akikuona anakukimbilia, anaweza kukufuata umbali wa mita hata 100. Anapenda joto na anavumilia ukavu ambao ungemuua Ixodes. Ndiye msambazaji mkuu wa virusi vya homa ya Crimea-Congo upande wa Uturuki na kusini mwa Ulaya, ugonjwa wa kutoka damu ambao Shirika la Afya Duniani linasema unaua kati ya asilimia 10 na 40 ya wanaougua kwenye milipuko. Na tofauti na TBE, hauna chanjo inayotumika kwa upana.

Lava na tunutu wake hawashuki katikati, wanakula milo yote miwili kwa mnyama yuleyule, ndege au sungura, wanaweza kukaa juu yake wiki tatu na zaidi. Ndege wanaohama wakitoka Afrika kwenda Ulaya mwezi wa nne wanavuka Sahara na Mediterania na mizigo hiyo. Hilo limekuwa likitokea siku zote, hakuna mabadiliko ya tabianchi yaliyolianzisha. Kilichokuwa kinazuia ni pale chini: tunutu akidondoka Ujerumani au Uswidi alikuwa anakuta baridi, hawezi kujibadilisha kuwa mkubwa, anafia hapo.

Afu ikaja 2018.

Joto kali, ukame, miezi na miezi. Ujerumani na Uswidi wakaanza kuokota Hyalomma wakubwa, wazima, wengi wao kwenye farasi. Hawakukutwa na virusi vya Crimea-Congo. Lakini lile zuio la mwisho lilikuwa limefunguka kwa msimu mmoja, na hapa naona mkono wa joto wazi kuliko sehemu nyingine yoyote niliyosoma, kwa sababu vitu vingine vyote vilikuwepo tayari. Ndege ni walewale, farasi ni walewale.

Kusini zaidi hadithi imeshafika mbali. Hispania ilikuta virusi kwa kupe mwaka 2010, na 2016 mtu aliyekuwa amekwenda kutembea mashambani aliumwa, akafa, na nesi aliyemhudumia Madrid akaambukizwa, akapona. Kusini mwa Ufaransa Hyalomma ameshajikita, na virusi vikaonekana kwa kupe wa huko 2023.

Ila hata hapa nikisema ni joto tu, Uturuki inanikatalia. Ugonjwa ulijitokeza 2002 maeneo ya Tokat, na toka hapo nchi imehesabu zaidi ya wagonjwa 10,000. Maelezo yanayotajwa sana ni yale ya mashamba yaliyoachwa: watu wakaondoka, uwindaji ukasimama, sungura na nguruwe pori wakaongezeka, ardhi ikawa vipandevipande vya kichaka na shamba, afu watu wakarudi na ng'ombe wao. Na Crimea yenyewe, 1944, mambo ni hayohayo. Vita, mashamba yametelekezwa, sungura wamejaa, wanajeshi wa Kisovieti wanaingia kusaidia mavuno, karibu 200 wanaugua.

Baltiki, Uturuki, Crimea. Mara tatu nimekutana na shamba lililoachwa na sikuwa nalitafuta.

## Kiu

Kitu kinachonisumbua bado ni maji.

Kupe wa aina ya Ixodes anakauka. Akiwa juu ya jani anapoteza maji, inabidi ashuke kwenye ule unyevu wa chini, unyevu wa asilimia 80 kwenda juu, atoe mate yake yenye chumvi yavute maji ya hewani afu ayanywe tena. Kila kushuka kunamchoma akiba ya chakula aliyopata kwenye mlo uliopita, na mlo unaofuata unaweza kuwa mwakani. Kwa hiyo kiangazi kikali kinaweza kumuua au kumfanya akae chini tu muda wote. Joto likipanda na mvua ikabaki, ni sherehe. Joto likipanda na ardhi ikakauka, ni msiba kwake, na pengine ndo nafasi ya Hyalomma.

Ndo maana naona shida na modeli zinazobeba wastani wa joto la mwaka peke yake. Wastani haumkaushi mtu.

Huko Asia kuna Haemaphysalis longicornis, anayebeba virusi vya SFTS, homa kali inayoshusha chembe sahani za damu, ambavyo China ilivitangaza 2011, Japani na Korea Kusini zikafuata 2013. Majike wa baadhi ya jamii zake wanazaa bila dume kabisa, maana yake kupe mmoja akifika kwenye malisho mapya anatosha kuanzisha ukoo. Alikutwa kwenye kondoo New Jersey, Marekani, 2017, ingawa sampuli za zamani zikaonyesha alikuwepo toka 2010, na toka hapo ametapakaa majimbo mengi. Aliyemfikisha huko si hali ya hewa, ni usafirishaji. Hali ya hewa inaamua tu atakomea wapi.

## Austria

Nilitaka kuishia kwenye Hyalomma ila dogo aliposoma rasimu akauliza, "kwa hiyo joto likiongezeka wagonjwa lazima waongezeke?" Nikamwonyesha Austria.

Mwaka 1979 Austria ilikuwa na wagonjwa 677 wa TBE. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kampeni ya chanjo ya nguvu, ikafika mahali zaidi ya asilimia 80 ya watu wamepata angalau dozi moja, na wagonjwa wakashuka mpaka mia moja na chini ya hapo kwa mwaka kwa miaka mingi. Ng'ambo ya mpaka, Ucheki, kupe ni haohao, misitu ileile, joto lilelile, waliochanjwa ni wachache kwa mbali, na nchi hiyo imekuwa juu kabisa kwenye orodha ya TBE Ulaya. Kupe wa Austria hawakupungua. Watu wasiochanjwa bado wanaambukizwa huko, na sikuhizi hata idadi ya wagonjwa imeanza kupanda tena kidogo.

Hilo ni la TBE. Kwa Crimea-Congo hakuna cha kufanana nalo, na kwa SFTS hivyo hivyo, unabaki na kujikagua mwili, nguo ndefu, glavu kwa wanaochinja na kuhudumia wagonjwa, na dawa za kuogesha mifugo. Kwa hiyo nikisikia tena kwamba kupe fulani kasogea kilomita kadhaa kaskazini, ninachotaka kujua kwanza ni kama virusi anavyoweza kubeba ni vya kundi lenye chanjo au lisilo nayo. Hyalomma wa Ujerumani ni wa kundi la pili, na wameendelea kuonekana kwenye miaka iliyofuata 2018.

Dogo sasa anataka kujua farasi anakaguliwaje.